Chopin Hakurudi Kwao: Muziki Mmoja wa Uhamishoni, Mikono Tofauti

Zamu yangu ya makala imefika, na nimechagua historia ya mtu ambaye hakuwahi kulala kwenye hema wala kupanga foleni ya mgao. Anaitwa Frédéric Chopin, mtunzi wa muziki wa piano. Najua kuna atakayesema, "Huo si ule muziki wa wazungu wa kwenye filamu?" Sawa, lakini nivumilieni kidogo. Historia yake inauliza swali ambalo sisi tunaishi nalo: wimbo wa kwenu ukipigwa mbali na kwenu, tena na mtu ambaye hakuzaliwa kwenu, bado ni wa kwenu?

ALIONDOKA AKIDHANI ATARUDI

Chopin alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Żelazowa Wola, karibu na Warsaw. Mama yake alikuwa Mpolandi, baba yake Mfaransa aliyehamia huko akiwa kijana. Wakati huo Polandi haikuwepo kwenye ramani kama nchi huru. Tangu mwaka 1795 majirani watatu walikuwa wameshaimaliza kuigawana: Urusi, Prusia na Austria. Warsaw alikokulia ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi.

Tarehe 2 Novemba 1830, akiwa na miaka 20, aliondoka Warsaw kwenda kutafuta jina katika miji mikubwa ya Ulaya. Hakukimbia. Alisafiri kama kijana yeyote anayekwenda kutafuta maisha. Wiki nne baadaye, tarehe 29 Novemba, watu wa Warsaw wakaasi dhidi ya Urusi. Chopin alikuwa ameshafika Vienna. Rafiki aliyesafiri naye akarudi kupigana, yeye akabaki. Septemba 1831 jeshi la Urusi likaiteka Warsaw, na habari zikamkuta njiani, mjini Stuttgart huko Ujerumani. Kwenye daftari lake aliandika maneno ya hasira na hofu, maana hakujua kama wazazi na dada zake wako hai. Sisi ambao tumewahi kukaa siku nzima tunapiga namba ambayo haipatikani, daftari lile tunalielewa bila mwalimu.

Akaenda Paris. Pasi yake ilikuwa na maneno yanayosema kwamba yuko Paris akipita tu kuelekea London. Akipita tu! Paris ndiyo ikawa makazi yake kwa miaka 18, mpaka alipofariki tarehe 17 Oktoba 1849. Mwaka 1835 alichukua uraia wa Ufaransa. Mwaka huohuo wazazi wake walisafiri wakakutana naye kwa muda mfupi mjini Karlsbad. Baada ya hapo hakuwaona tena, na Polandi hakuikanyaga tena.

Sisemi kwamba maisha yake yalikuwa kama yetu. Alifundisha piano wake na mabinti wa matajiri kwa faranga 20 kila somo, alivaa vizuri, alialikwa kwenye nyumba za wakubwa. Lakini hiyo nayo ni historia ya uhamishoni, na inafaa wafadhili wetu waikumbuke: mtu anaweza kuwa na kazi nzuri na jina kubwa, na bado akawa hana pa kurudi.

NGOMA YA KIJIJINI KWENYE KARATASI

Katika eneo la Mazovia, alikozaliwa Chopin, kuna ngoma ya wanakijiji inayoitwa mazurka. Ina mapigo matatu, lakini uzito haukai kila mara kwenye pigo la kwanza. Unaweza kuangukia la pili au la tatu, kama mchezaji anayekanyaga ghafla pale usipomtegemea. Chopin aliandika mazurka zaidi ya 50, na aliendelea kuziandika hadi miaka yake ya mwisho. Yaani huyu mtu anaishi kwenye vyumba vizuri vya Paris, anafundisha mabinti wa wakubwa, lakini kila akikaa mezani mkono unarudi kwenye ngoma ya kijijini.

Kuna kisa kimoja cha kweli kinachonifurahisha. Mpiga piano Charles Hallé, aliyemfahamu Chopin, alimwambia kwamba anapopiga mazurka zake anasikika kama anahesabu mapigo manne, wakati kwenye karatasi yameandikwa matatu. Chopin akakataa. Hallé akamwomba apige, naye akahesabu kwa sauti, na kweli manne yakaingia sawasawa! Chopin akacheka, akaeleza kwamba hiyo ndiyo tabia ya ngoma ya kwao. Kumbe hata yeye mwenyewe aliyeandika, mikono yake ilikuwa inajua kitu ambacho karatasi haikukibeba.

Hapo ndipo penye tatizo. Chopin alifariki 1849, na chombo cha kurekodi sauti cha Edison kilikuja 1877. Hakuna mtu aliye hai leo aliyemsikia, wala hakuna kanda wala santuri yake. Tulichobaki nacho ni nota. Na nota ni kama ushuhuda ulioandikwa na karani wa ofisi ya usajili: maneno yote yapo, tarehe ipo, lakini ile sauti ya mtu aliyekuwa anasimulia haipo. Lazima aje mtu mwingine aisome kwa sauti yake.

Mimi nilizoea piano kupitia kinanda cha kwaya. Muziki wa Chopin haukuniingia kwa kuusikia mara moja, uliniingia niliposikia mazurka moja ileile ikipigwa na watu tofauti. Ni ile yenye namba Op. 17 na. 4, aliyoitoa mwaka 1834 akiwa Paris. Inaanza kwa sauti chache ambazo hazisemi zinaelekea wapi, na mwishoni zinarudi zilezile, halafu muziki unazimika bila kufika mahali pa kutulia. Mmoja anaipiga kama mtu anayecheza huku anakumbuka. Mwingine anaipiga kama mtu ambaye ameshasahau hatua na anazitafuta. Nota ni zilezile. Basi nikaanza kujiuliza hawa watu ni akina nani, na historia zao zikanifungua macho.

SZPILMAN: MUZIKI CHINI YA MABOMU

Polandi ilirudi kwenye ramani mwaka 1918. Mwaka 1939 Ujerumani ya Hitler ikaivamia. Tarehe 23 Septemba 1939 mpiga piano Władysław Szpilman, Mpolandi wa Kiyahudi, alikuwa anapiga Chopin moja kwa moja kwenye Redio ya Polandi huku mabomu yanaanguka Warsaw. Siku hiyohiyo redio ikazimika.

Wajerumani walijua muziki huo una maana gani. Walizuia Chopin asipigwe hadharani na Wapolandi, na tarehe 31 Mei 1940 wakailipua sanamu yake kubwa ya Warsaw. Hata moyo wake haukupona misukosuko. Nieleze kidogo hapo: Chopin alizikwa Paris, lakini dada yake Ludwika aliubeba moyo wake ndani ya chupa yenye pombe kali mpaka Warsaw, na baadaye ukawekwa ndani ya nguzo ya Kanisa la Msalaba Mtakatifu. Vita vilipozidi uliondolewa kanisani, ukarudishwa tarehe 17 Oktoba 1945, siku ya kumbukumbu ya kifo chake.

Szpilman alipoteza wazazi wake, kaka yake na dada zake wote. Mwaka 1942 walipakiwa kwenye treni kupelekwa Treblinka. Yeye akavutwa nje ya msitari, akabaki akijificha. Novemba 1944, ndani ya jengo lililobomoka, afisa wa Kijerumani aitwaye Wilm Hosenfeld alimkuta, akamuuliza anafanya kazi gani. Aliposema ni mpiga piano, akaambiwa apige. Piano ilikuwa mbovu, vidole vyake vimekakamaa kwa njaa na baridi. Akapiga nokturni ya Chopin, yaani kipande kitulivu cha usiku, kile ambacho Chopin alikiandika 1830 na kumtumia dada yake Ludwika. Hosenfeld hakumkamata. Alimletea chakula na koti. Wengi wenu mmeiona filamu yake, The Pianist ya mwaka 2002, ingawa kwenye filamu kipande kimebadilishwa.

Szpilman hakuwa na nguvu siku ile za kuonyesha ufundi. Lakini nadhani hapo tunaelewa jambo la kwanza: namna ya kupiga inatokana pia na mwili wa mtu na siku yake. Hakuna upigaji mmoja safi unaoelea hewani.

RUBINSTEIN: MTU MMOJA, MARA TATU

Artur Rubinstein alizaliwa Łódź, Polandi, mwaka 1887, katika familia ya Kiyahudi. Vita vilipokuja alikuwa anaishi Ufaransa, akavuka kwenda Marekani. Ndugu zake wengi waliobaki Łódź waliuawa na Wanazi.

Mwaka 1945 Umoja wa Mataifa ulikuwa unaanzishwa San Francisco. Ndiyo, Umoja huuhuu ambao leo tunaona alama zake kwenye maturubai yetu. Rubinstein alialikwa kupiga piano kwa ajili ya wajumbe. Alipotazama ukumbi akaona bendera za mataifa, ya Polandi haipo, kwa sababu wakubwa walikuwa hawajakubaliana serikali ipi ndiyo halali. Rubinstein aliwaambia wazi kwamba hiyo si sawa, kisha akapiga wimbo wa taifa la Polandi, taratibu na kwa nguvu, ukumbi mzima ukasimama. Na wimbo huo wa taifa ni nini? Ni mazurka. Ngoma ya mapigo matatu, ileile ya kijijini. Polandi ilisaini mkataba wa Umoja wa Mataifa Oktoba 1945, na inahesabiwa kati ya nchi 51 waanzilishi.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu kwake. Rubinstein alirekodi mazurka za Chopin mara tatu: mara ya kwanza 1938 na 1939, ya pili 1952 na 1953, ya tatu 1965 na 1966. Ya kwanza alikuwa na miaka 50 na kidogo, ya mwisho karibu 80. Katikati yake kulikuwa na vita, kuuawa kwa ndugu, na uraia mpya wa Marekani mwaka 1946. Ukizisikiliza, za kwanza zina mwendo wa haraka, unaona kabisa miguu inavyochezesha vumbi. Za mwisho zimetulia, kama mzee aliyekaa pembeni anaangalia wengine wakicheza.

Ipi ndiyo sahihi? Mtu ni mmoja, nchi ni moja, nota ni zilezile. Kama mtu mmoja anaweza kuikumbuka nyumba yake kwa namna tatu, basi tusishangae mzee na mjukuu wake wakiikumbuka kwa namna mbili.

WATU KUTOKA MBALI

Warsaw kuna mashindano ya kimataifa ya Chopin yaliyoanza 1927. Mwaka 1955 alikuja kijana wa China, Fou Ts'ong, mzaliwa wa Shanghai mwaka 1934. Alishika nafasi ya tatu, lakini kilichoshangaza ni kwamba alipewa tuzo maalumu ya kupiga mazurka vizuri kuliko wote. Mazurka! Kitu ambacho watu walidhani lazima uwe umezaliwa ndani yake. Huyu alikuwa amelelewa na baba msomi, Fu Lei, mtafsiri wa vitabu vya Kifaransa aliyemfundisha mwanae mashairi ya kale ya Kichina nyumbani.

Halafu historia ikamgeukia. Mwaka 1958 baba yake alibandikwa jina la adui wa siasa. Fou Ts'ong, aliyekuwa anasoma Polandi, aliogopa kurudi, na Desemba mwaka huo akakimbilia London. Mwaka 1966 wazazi wake wote wawili walifariki baada ya kudhalilishwa na vijana wa Mapinduzi ya Utamaduni. Aliingia tena China mwaka 1979, miaka zaidi ya 20 tangu aondoke. Maisha yake yote aliendelea kupiga mazurka, hadi alipofariki London mwaka 2020. Ukimsikiliza, anapumua mwishoni mwa kila sentensi ya muziki kama mtu anayesoma shairi. Hakuiga Wapolandi. Alileta masikio aliyopewa na baba yake.

Wa pili ni Dang Thai Son, aliyezaliwa Hanoi, Vietnam, mwaka 1958. Mama yake, Thai Thi Lien, alikuwa mwalimu wa piano na mmoja wa waanzilishi wa chuo cha muziki cha Hanoi. Ndege za Marekani zilipoanza kupiga mabomu, chuo kikahamishiwa vijijini, piano nazo zikabebwa. Mtoto alijifunzia huko. Mwaka 1970 mama yake alikwenda Warsaw kuangalia mashindano ya Chopin, akarudi na nota na santuri, na mtoto akazisikiliza. Miaka kumi baadaye, 1980, mtoto huyo akayashinda mashindano hayohayo. Alikuwa mtu wa kwanza kutoka Asia kushinda.

Lakini tusifanye haraka kusema kwamba lazima uteseke ndipo uelewe. Mwaka 1960 alishinda Maurizio Pollini, Mwitalia wa miaka 18, ambaye hakuwa mkimbizi. Upigaji wake ulikuwa safi, umenyooka, hauombi machozi. Rubinstein mwenyewe alikuwa kwenye meza ya majaji na alimsifu sana. Mateso si cheti. Kinachohitajika ni mtu kukaa na kazi mpaka aijue.

Na wala majaji hawakubaliani. Mwaka uleule wa 1980 walimtoa kabla ya fainali kijana wa Yugoslavia, Ivo Pogorelich, kwa sababu namna yake ilikuwa ya peke yake mno. Jaji mmoja, Martha Argerich wa Ajentina, mshindi wa mwaka 1965, alikasirika akajiuzulu. Wataalamu wa dunia nzima, kwenye mji wa Chopin, wamegombana juu ya namna ya kumpiga Chopin. Na muziki haukufa kwa ugomvi ule. Watu walitaka kusikia zaidi.

NA SISI JE?

Kambini kwetu, kila tunapojiandaa kwa Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, kunakuwa na mvutano. Vijana wanafanya mazoezi ya ngoma ya kwetu, wanaingiza kinanda na midundo ya kwenye simu. Wazee wanasema, "Mwanangu, hiyo mmeiharibu, kwetu haipigwi hivyo." Vijana wanajibu, "Baba, hiyo kwenu sisi hatujaiona." Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana inauma. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka ule leo anaweza kuwa na watoto wake. Tukisema wimbo ni wa aliyeiona nchi tu, basi wazee wakiondoka wimbo nao umekwenda.

Lakini historia hii haiwaambii vijana kwamba wafanye wanavyotaka. Dang Thai Son alifanyia kazi santuri ambazo mama yake alizibeba kutoka mbali. Fou Ts'ong alisoma Polandi kwa miaka. Hata Pogorelich aliyetolewa alikuwa anaijua kila nota. Chopin mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake kwamba mkono wa kushoto ndio kiongozi, ushike mwendo, wakati mkono wa kulia unaimba kwa uhuru. Mimi naona hapo pana mkataba mzuri kati ya wazee na sisi. Kuna mkono unaoshika mwendo, na kuna mkono unaoruhusiwa kuchelewa au kuwahi kidogo. Ukitoa mmoja, hakuna muziki.

Chopin tulimkosa kwa sababu wakati wake hakukuwa na chombo cha kumrekodi. Wazee wetu tutawakosa wakati simu ziko mifukoni. Kwa hiyo napendekeza jambo dogo, halihitaji mradi wala bajeti, ingawa mashirika yakitusaidia chaji na kadi za kutunzia kumbukumbu hatutakataa. Chagua wimbo mmoja wa kwenu. Mrekodi bibi au babu akiuimba. Mrekodi jirani anayetoka kijiji kingine akiuimba wimbo huohuo, maana atauimba tofauti. Halafu mrekodi kijana aliyezaliwa kambini. Andika jina la wimbo, kijiji, na tarehe. Kabla ya kurekodi muombe mtu ruhusa, na kama hataki jina lake litajwe, liheshimu hilo.

Tusichague ipi ndiyo sahihi. Tuziweke zote tatu pamoja. Baada ya miaka 50 atakuja mtu ambaye hatumjui, labda hata si wa kabila letu, atazisikiliza moja baada ya nyingine, na kwa kuzilinganisha ataanza kuelewa tulikuwa watu gani.

Mimi nitaanza na mama mmoja wa mtaa wetu, anayeimba wimbo wa kupura mihogo. Simu yangu ina nafasi ya dakika arobaini hivi. Zinatosha kwa kuanzia. Zamu inayofuata nampisha mwenzangu.